Kitanda kimekwama mlangoni

Saa hizi ninavyoandika nimekaa barazani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, kwenye kiti cha plastiki, ambacho ndo kitu pekee nyumba hii kilichozaliwa baada yangu, na siwezi kuingia ndani. Sijafungiwa. Sijagombana na mtu. Kitanda kimekwama mlangoni. Kitanda cha samadari, kile cha mbao cha kizamani, miguu minene kama ya ng'ombe wa Idi, nusu kipo koridoni nusu kipo nje kinatazama barabara kama kinasubiri daladala, na mama mkwe yupo upande wa pili toka alasiri anataka kuja barazani kupunga upepo, hawezi. Tunaongea kupitia uvunguni.

Nianze mwanzo maana mtasema mie mkorofi.

Mie karani, kazi yangu bandarini ni kuhesabu mizigo ya watu, kimeshuka nini kimepanda nini, naandika. Kwahiyo najua kuhesabu, na nawaambia mpaka mwaka juzi nyumba yangu ilikuwa na sofa la watu watatu, viti vyake viwili, kabati la vyombo, tivii na meza ya tivii, basi. Umeme ukikatika unaingia gizani unapita unafika kitandani, miguu inajua njia yenyewe. Sasa hivi ukiingia bila tochi unatoka na bandeji.

Ilianza na pasi. Pasi ya mkaa, ile yenye kijogoo mbele cha kufungia. Mama watoto aliikuta kwa kijana wa skrepa anayepita na guta, kijana anataka kuipima kwa kilo kama vyuma vingine, yeye akamkimbilia na elfu nane mkononi kama anakomboa mateka. Akaisugua, akaiweka mbele ya tivii, kijogoo kinaziba maandishi ya chini ya taarifa ya habari. Nikauliza sasa hii tutapasia nini na mkaa wenyewe bei hii? Akaniangalia kama nimetukana msikitini.

"Hii haipasii baba, hii vinteji."

Hilo neno. Ukilisikia ndani kwako jua mshahara umeshaaga.

Pasi ikaita chemli, chemli ikaita karabai, karabai ikaita mdila wa kahawa na sinia la shaba, halafu ikaja redio ya mbao ambayo ndani haina redio, ina kiota cha panya, na cherehani ya Singer isiyo na mkanda. Cherehani nilijaribu kuitetea. Niliitafuta namba yake kwenye simu nikaona imetoka kiwanda cha Clydebank, Scotland, kiwanda kilichofunguliwa 1885 kikafungwa 1980, nikamwambia mama watoto unaona, kiwanda kimekufa mtoto wake yupo hai, tumtie mafuta tumfunge mkanda atushonee hata mapazia. Wapi. Imewekewa jagi la maua ya plastiki juu. Mapazia tumepeleka kwa fundi tumelipa.

Na sinia lile msilione vile. Shaba inataka kung'aa, na kila Jumapili nakabidhiwa ukwaju na majivu nakaa uwani nasugua mpaka naiona sura yangu, nikishaiona nahuzunika naacha. Ndani ya mwezi sinia linakula ukwaju kuliko sisi. Juzi nimeomba juisi ya ukwaju nikaambiwa subiri kwanza, sinia halijapata.

Halafu kuna ganda la mzinga. Kubwa, la shaba, analitumia kuwekea miavuli. Aliyemuuzia aliapa kwa vizazi vyake saba kwamba ni la vita vya Tanga, Novemba 1914, pale Waingereza waliposhuka na askari wao kutoka India wakafurushwa na jeshi la Mjerumani Lettow-Vorbeck, na nyuki nao wakajitia vitani wakawa wanang'ata, hadithi hiyo mtoto wa Tanga anaijua kabla ya alifu kwa kijiti. Basi mama watoto kila mgeni akija anasimuliwa nyuki. Mie siku moja napiga deki nikalipindua, chini pamegongwa mwaka, 1943. Nikamuonyesha. Kimya. Nikasema labda nyuki walichelewa. Nimelala bila kula siku hiyo.

Lakini la hela ndo nataka mlisome taratibu. Alikwenda Pangani kwenye msiba, msiba jamani, akarudi na hela. Heller zenyewe za Mjerumani, za mwaka 1913, zile zenye tundu katikati, za heller tano tano. Hili neno hela tunalolilia kila siku limetoka hapo hapo, maana Mjerumani kuanzia 1904 aliigawa rupia yake kwenye heller mia. Sasa mie karani, lazima nihesabu. Umepata ngapi? Tatu. Umetoa shilingi ngapi? Elfu kumi na tano. Yani mke wangu ametoa hela kununua hela, na hela aliyonunua jumla yake heller kumi na tano, haifiki hata robo rupia! Nilizichukua nikaenda nazo dukani kwa Mangi kwa makusudi tu, nikaomba kiberiti. Mangi akaziangalia upande huu, akachungulia kwenye tundu akaniona mie upande wa pili, akanirudishia na akaniandika kwenye daftari la madeni.

Saa ya ukutani je. Ya kijerumani, imeandikwa Junghans usoni, ya kutia ufunguo. Fundi saa alikuja akatoa buibui wawili na mende mmoja aliyekauka, akatia mafuta, ikafufuka. Akauliza swali la kiungwana kabisa, "Mama, unataka ipige kizungu au kiswahili?" Maana kizungu saa moja jioni inapiga mara saba, na kiswahili inapiga mara moja kama inavyotakiwa na akili. Mama watoto akasema kiswahili, ndo asili. Nikafurahi kidogo kwa mara ya kwanza. Wiki mbili mbele kaja shoga yake kutoka Raskazone akasema mbona saa yenu imepotea, mwenzangu akaona haya akairudisha kizungu wala hakuniambia. Usiku huo nina meli ya alfajiri, nimelala mapema, nashtuka nasikia ko, ko, ko, ko, nahesabu, nne, nikasema aah saa nne, bado usiku mbichi, nikavuta shuka. Kumbe saa kumi. Nilifika kazini jua linanitazama, msimamizi anauliza nini kimekuchelewesha nimwambie nini, nimwambie Mjerumani?

Ila vitu vyenyewe ningevizoea, kama vingekaa sehemu moja. Tatizo Jumamosi. Kila Jumamosi mama watoto anaamka, anafunga kanga kiunoni, anasimama katikati ya sebule mikono kiunoni, anasema "hapa hapapumui." Mie nikisikia hapapumui najua leo mgongo. Kabati liende kule, kasha lije huku, cherehani itazame mlango, hapana itazame dirisha, hebu irudi tuone, redio ya panya ipande juu ya kasha. Nabeba. Mie mtu wa kuhesabu mizigo, kule bandarini kubeba kuna winchi, nyumbani winchi ni mie. Tukimaliza vitu vyote vimehama na hapapumui vile vile, kwa sababu anayeziba hewa ni hayo makorokoro yenyewe, lakini nani atasema. Sofa langu la watu watatu ndo likahukumiwa kwamba linaharibu mandhari, likapelekwa kwa shemeji Makorora. Siku hizi nikichoka nakwenda Makorora kumsalimia shemeji, nakaa kwenye sofa langu nusu saa, naaga narudi. Shemeji anadhani nampenda sana.

Kasha nalo nikwambieni. La njumu, limepigwa vichwa vya shaba maua maua, zuri kweli, silisemi vibaya, huyo fundi wa zamani alikuwa fundi. Ila Jumamosi moja lilihamia njia ya chooni na mie sikuwepo. Usiku umeme hamna, naenda zangu kwa imani ya miguu, ugoko ukakutana na kona ya kasha. Nilichokisema pale sikiandiki. Asubuhi natazama mguu, njumu tatu zimejichora ugokoni duara duara kama nakshi. Mama watoto akaangalia, akasema pole, halafu akashika kasha kuona kama limepata mchubuko.

Sasa kuna kiti cha enzi. Hapa ndo nilijua kuna watu wana kazi ya kuzeesha mbao. Kiti kimekuja cheusi, kizito, muuzaji anasema kilikaliwa na liwali. Ijumaa nimevaa kanzu yangu nyeupe, ile ya Idi, nikakikalia dakika kumi tu nikingoja muda, nikaondoka kwenda msikitini najiona mtu. Njiani watoto wanacheka. Nasema watoto wa siku hizi hawana adabu. Nimefika kwenye safu jamaa wa nyuma yangu akaninong'oneza, mgosi, umekalia nini? Makalio mawili meusi ti, yamechapwa kwenye kanzu kama mhuri wa serikali. Kurudi nikainusa ile mbao, kiwi. Rangi ya viatu! Ndani ya kiwi kuna oili chafu, na chini ya oili chafu kuna mbao mbichi ambayo labda mwaka jana ilikuwa mti unakula zake mvua Muheza. Liwali gani alikalia kiti kina umri mdogo kuliko simu yangu. Kanzu haijatoka mpaka leo, mama watoto anasema tuichovye yote kwenye chai ya rangi ifanane.

Tuje kwenye kitanda.

Samadari alikiona Pangani, kwenye hiyo hiyo safari ya msiba, kwenye nyumba ya zamani inayobomoka, akaweka oda akanyamaza miezi miwili anadunduliza. Wenyewe walikuwa wanauza na fremu ya mlango wa nakshi. Alitaka kubeba vyote, ikamuokoa bahati, jirani yetu mmoja mzee mstaafu akamwambia mwanangu hiyo acha, kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, milango ya nakshi na fremu zake zilizochongwa kabla ya 1940 inalindwa, si kitu cha kubeba kwenye kirikuu tu kama mkungu wa ndizi. Mama watoto akaogopa. Mie moyoni nikasema hii sheria ingeongezewa na pasi.

Kitanda kikaja jana, vipande vipande, na kwa haki ya Mungu kilivyokuja kilikuwa na akili. Wazee hawakuwa wajinga, samadari inafungwa na kufunguliwa, ubavu unaingia kwenye mguu, unabana, ukihama unakifungua unabeba. Lakini ubavu mmoja ukawa unalegea. Fundi seremala tuliyemuita, kijana mchangamfu, sitaki kumsema sana, akakiunganisha hapa hapa barazani ili apige msasa na vanishi kwenye mwanga, na ili kisicheze akatia gundi. Kila kiungo. Gundi mpaka inachuruzika. Akaacha kikauke usiku kucha, mie nikalala macho nakilinda na wezi na mbuzi. Leo mchana tukainua wanaume watano, kulaza ubavu, ingiza kichwa, zungusha, taratibu, taratibu mguu huo, kikaingia nusu kikasema hapana. Mbele hakiendi, nyuma hakirudi. Kukifungua haiwezekani, gundi. Wale wanaume wanne wakakumbuka kila mtu ana shughuli yake.

Mama mkwe yeye hakukitaka toka asubuhi. Ametoka Korogwe kutusalimia siku tatu, akakitazama akaguna, "Mwee, mie nilipoolewa nililia wiki nzima nataka kitanda cha springi, hiki ndo tulikuwa tunakikimbia. Mmeuliza lakini wamekifia wangapi?" Swali hilo limenikaa. Nimejaribu kuhesabu, mie karani, nimeshindwa pa kuanzia.

Sasa ni saa mbili usiku. Muuza kahawa amepita nimenunua viwili, kimoja nimekisukuma uvunguni na kashata juu ya kisosi, mkono wa mama mkwe umetokea ukachukua, nikasikia "Allah akujaalie mwanangu," na mkono ukarudi ndani. Fundi amerudi na tochi na jopo lake la ushauri, wametazama, wamepima kwa utepe mara tatu, akasema baba hapa njia ni mbili tu, tukate mguu wa kitanda ama tukate fremu ya mlango.

Mama watoto, kutoka ndani, hakuvuta hata pumzi.

"Kata mlango!"

Mlango wangu. Mninga, fremu yake na bawaba zake, nimeuweka mwenyewe 2011 kwa hela ya bonasi, nikausimamia fundi anavyopiga randa. Nimemuita yule mzee mstaafu aje haraka na sheria yake. Amekuja na bakora yake, kaugonga gonga, kauliza umechongwa mwaka gani. Nikamwambia. Akatikisa kichwa akasema pole sana mwanangu, wewe umechelewa miaka sabini na moja, akajivutia kiti changu cha plastiki akakaa.

Fundi ameshatoa tindo.