Amani kwanza, utulivu baadaye?

Ukitaja tafakuri ya utulivu, yaani kukaa kimya na kuifuatilia pumzi yako, mbele ya watu wa Goma, jibu la kwanza ni lile lile, uwe Birere, Katindo au Majengo: tuleteeni amani kwanza. Mama aliyekimbia Rutshuru na watoto wake, akaishi kambi ya Kanyaruchinya chini ya turubai, kisha akatakiwa kuondoka huko pia baada ya waasi wa M23 kuuchukua mji mwishoni mwa Januari 2025, leo anaambiwa akae kimya na kusikiliza pumzi yake. Benki zimemfungia milango, kodi ya nyumba inamngoja, na mgeni mwenye kalamu anamwelekeza namna ya kuvuta hewa. Anaona ni dharau, na sina haki ya kumlaumu.

Hata hivyo naandika kwa sababu jibu hilo linawanyima watu wetu kitu kidogo ambacho kingewafaa. Linadhani kwamba mwili unaweza kuisubiri amani. Hauwezi.

Hatari inapotokea, ubongo hutoa amri, adrenalini hupanda, moyo huenda mbio, damu hukimbilia kwenye misuli. Kotisoli, homoni ya msongo, hufuata na kuongeza sukari kwenye damu ili mtu apate nguvu ya kukimbia au kupigana. Kwa dakika chache, hilo huokoa maisha. Mwili ukibaki hivyo kwa miezi, presha hupanda, usingizi hukatika, tumbo huvurugika, na kinga dhidi ya magonjwa hudhoofika. Mwaka 1991 Sheldon Cohen na wenzake walichapisha utafiti wa watu 394 wenye afya njema waliotiwa matone yenye virusi vya mafua puani. Kadiri mtu alivyokuwa na msongo zaidi maishani mwake, ndivyo alivyokuwa rahisi zaidi kuambukizwa na kuugua.

Sisi tunayaona hayo bila maabara. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ikimwaga mbao ghafla karibu na soko la Virunga, wauza makala ya kupikia huinama wote kwa pamoja, motari wa pikipiki hugeuza shingo kutafuta risasi imetoka upande gani, na mama muuza sombe humvuta mtoto chini ya meza. Muda si muda watu wanacheka na biashara inaendelea. Mtazame yule mama anapomrudishia mteja chenji: vidole bado vinatetemeka, na noti zilezile anazihesabu upya. Kichwa kimeshajua kwamba zilikuwa mbao tu, ila mwili bado uko vitani. Ndivyo ilivyokuwa pia baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021. Ardhi ilitetemeka kwa siku nyingi, na tarehe 27 mitaa 10 kati ya 18 ya mji ikaamriwa kuhama. Wengi tulilala tumevaa viatu. Wapo ambao mpaka leo lori zito likipita usiku wanasimama wima kitandani.

Wanaopinga wana hoja, tena nzito. Kwanza wanasema chanzo cha mawazo ya watu wa Goma hakiko vichwani mwao. Kiko kwenye bunduki, mashamba yaliyoachwa, na mishahara isiyofika. Kumfundisha mtu kuvumilia ni kumwondolea lawama aliyemtesa. Hatari hiyo ipo kweli, hasa pale semina ya utulivu inapopendwa na mfadhili kwa kuwa ni nafuu kuliko unga na mafuta. Pili wanasema sifa zimezidi ushahidi. Ni kweli pia. Uchambuzi mkubwa uliotoka Marekani mwaka 2014, uliokusanya majaribio 47 yenye washiriki 3,515, ulikuta tafakuri inapunguza wasiwasi, huzuni na maumivu kwa kiasi kidogo hadi cha wastani, wala haukupata ushahidi kwamba inashinda dawa au mazoezi ya viungo. Kule Uingereza matokeo ya mwaka 2022 ya utafiti wa wanafunzi zaidi ya 8,000 yalionyesha kuwa waliofundishwa tafakuri mashuleni hawakufaidika kuliko wenzao waliofuata masomo ya kawaida.

Naukubali ushahidi huo wote. Lakini mwanafunzi wa Uingereza mwenye miaka 12, ambaye hakuomba somo hilo na pengine hakulihitaji, hawezi kutuambia mengi kuhusu mjane wa Masisi. Tutazame walikopimwa watu wanaofanana nasi.

Kaskazini mwa Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Vijiji viligawanywa kwa kura. Katika baadhi yao wanawake walihudhuria vikao vitano vya saa mbili kila kimoja, katika mpango ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani. Hapakuwa na daktari wa akili mbele yao. Sauti iliyorekodiwa ilizungumza, kitabu cha picha kilifunguliwa, na wasaidizi wasio wataalamu wakaongoza kundi. Walijifunza kuhisi nyayo zao zikikanyaga ardhi, kuliona wazo linalowasumbua na kulitaja bila kupigana nalo, kisha kurudi kwenye jambo wanalolithamini na kulifanya, hata likiwa dogo. Miezi mitatu baadaye msongo wao ulikuwa umepungua kuliko wa wanawake wa vijiji vingine. Hasira za ghafla nazo zilipungua, na kazi za kila siku zikawawia nyepesi kidogo.

Narudia utafiti huu mara nyingi kwa sababu ya vile ambavyo havikubadilika. Mgao wa chakula haukuongezwa. Vita vya Sudan Kusini havikuisha. Waliofiwa hawakurudishiwa wafu wao. Hakuna aliyewaletea amani kwanza, na bado kitu ndani yao kililegea. Mwenye kusema nafuu hiyo ilikuwa ndogo anasema kweli. Waliofanya utafiti wenyewe hawakuificha. Atasema pia kwamba miezi mitatu ni michache, na hapo pia siwezi kumbishia. Lakini fikiria nafuu ndogo katika chumba kimoja chenye watoto wanne. Hasira ikipungua kidogo, kuna kofi ambalo halipigwi. Usingizi ukirudi kwa saa mbili, kuna mama anayewahi sokoni asubuhi na kuhesabu chenji bila kukosea. Nani kati yetu ana utajiri wa kutosha kuidharau nafuu kama hiyo?

Kuna na ushahidi wa hapa nyumbani, ingawa unahusu tiba nyingine, na sitaki kuuchanganya. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa vijiji vya Kivu, kwa wanawake waliobakwa vitani. Katika vijiji 7 walipewa tiba ya mazungumzo, sehemu kubwa wakiwa katika kundi. Katika vijiji 8 mtu alisaidiwa peke yake. Miezi sita baada ya tiba, walioonyesha bado dalili za huzuni kubwa au wasiwasi walikuwa asilimia 9 upande wa kwanza, na asilimia 42 upande wa pili. Hiyo si tafakuri. Lakini walioiongoza walikuwa wasaidizi wa kisaikolojia wa hapa hapa, ambao walitakiwa kuwa na angalau miaka minne ya masomo baada ya shule ya msingi. Kwa hiyo anayesema mambo ya akili ni ya wazungu na wataalamu wao tu, na ajibu utafiti huo.

Kuna pia pingamizi la kanisani, nalo naliheshimu kwa kuwa watu wetu wengi hupumzishia roho zao huko. Wachungaji kadhaa wanaonya kwamba kufumba macho na kunyamaza kunawakaribisha pepo, kwa kuwa desturi hiyo ilitoka kwa Wabudha. Asili yake ni kweli ya Kibudha, ingawa Jon Kabat-Zinn alipoanza kuifundisha wagonjwa wa maumivu sugu huko Massachusetts mwaka 1979 aliiondoa kwenye ibada. Lakini mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake walipima watu wazima 23 wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakirudia mantra ya yoga, yaani maneno matakatifu yanayosemwa tena na tena. Vyote viwili vilishusha pumzi hadi karibu mara sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakapata mwendo wenye utulivu zaidi. Bibi anayesali rozari alfajiri kule Himbi amekuwa akiutuliza mwili wake miaka yote hiyo, wala hakuna aliyemwambia anaabudu kitu kingine. Zaburi ya 46 inasema, "Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu." Aliyezoea kukesha kwa sauti kubwa na akeshe, akitoka akiwa mwepesi ni vema; mwenzake asikatazwe kunyamaza.

Ninachokiogopa mimi ni kingine. Aliyeona nduguye akichinjwa, ukimwambia afumbe macho, picha hurudi. Wapo wanaozidiwa kabisa katika kimya. Kwa hao macho yabaki wazi, miguu iwe sakafuni, dakika ziwe chache, na pembeni awepo mtu anayejua la kufanya. Hapa Goma tuna kituo cha Tulizo Letu cha Mabruda wa Karita, chenye watu waliosomea kazi hiyo.

Kwa hiyo mashirika yakija na vikao vya namna hii, mimi nitawaambia akina mama waende. Sauti hiyo iwe ya Kiswahili chetu, si Kifaransa cha ofisini. Saa iwe baada ya soko, na watoto waruhusiwe. Waende wakiwa bado wanadai amani, shamba na mshahara, kwani aliyelala usiku ana nguvu ya kudai mchana. Na kabla kikao cha kwanza hakijaanza, kiongozi aulizwe: mmoja wetu akizidiwa leo, mtampeleka wapi, na nani atalipa?