Tunajua bei ya raba, hatujui bei ya mchoro wetu

Nenda soko la Kongowea hapa Mombasa siku ya kufunguliwa belo la viatu uwatazame vijana wanavyochagua. Raba inashikwa, ulimi unavutwa nje lebo isomwe, soli inakunjwa kuangaliwa kama imeanza kupasuka, halafu mtu anaingiza pua ndani anusie gundi. Punde ameshaamua kama ni oriji au feki, na akitamka oriji tu, muuzaji anapandisha bei palepale. Huo ni ujuzi na siudharau. Kinachoniudhi ni kwamba jicho hilo kali hatulitumii kwa vitu vinavyotengenezwa hapahapa mjini.

Chukua mfano wa hip-hop. Ilipozaliwa Bronx, New York, mwaka 1973, kwenye sherehe aliyopiga muziki DJ Kool Herc, haikuwa na nguo wala kiatu cha kuuza. Ilipofika 1986 kundi la rap la Run-DMC walikuwa wanaziimba raba zao za Adidas, na kampuni ikawapa mkataba. Hayo yanajulikana. Mimi ninayempenda zaidi ni fundi cherehani wa Harlem, Dapper Dan. Alifungua duka mwaka 1982, akawa anachapa nembo za Gucci na Louis Vuitton kwenye ngozi na kushona majaketi ambayo wenye nembo wenyewe hawakuwa wameyafikiria. Wakamwandama kisheria hadi duka likafungwa mwaka 1992. Kisha 2017 Gucci wakatoa jaketi lililofanana mno na lake, watu wakapiga kelele, na mwisho kampuni ikafanya kazi naye. Sasa feki ni ya nani hapo?

Mombasa hatukosi mafundi wa aina hiyo. Mpe kikoi umwambie akushonee jaketi lenye kofia, atakushonea, tena atakutilia na mfuko wa ndani ambao hukuuomba. Lakini tafuta jina lake kwenye kola. Hulioni.

Wachoraji wa matatu ndio wananiuma zaidi. Mtu anashinda juani na kopo la rangi ya kupuliza, anatoa sura ya rapa ubavuni mwa gari mpaka mboni za macho zinang'aa. Gari linapendeza, abiria wanaliacha lililo tupu wanangoja hilo. Siku likiuzwa, mmiliki mpya analipiga msasa, kwisha habari. Hakuna sahihi, hakuna picha iliyobaki isipokuwa ya simu ya makanga. Jean-Michel Basquiat naye alianza kwa kuandika kutani New York, na mwaka 2017 mchoro wake mmoja uliuzwa dola milioni 110.5. Sisemi ubavu wa matatu ya Kisauni utafika huko. Ila usiofika kesho hauwezi kufika popote.

Wapo watakaosema kukusanya vitu ni mchezo wa wenye pesa. Taji alilovaa rapa The Notorious B.I.G. kwenye ile picha ya 1997 lilikuwa la plastiki. Mpiga picha alilitunza, na mwaka 2020 liliuzwa mnadani Sotheby's kwa dola 594,750. Plastiki, jamani! Na kutunza kwenyewe si ugeni kwetu: mama zetu wana doti za kanga kabatini, zimenunuliwa Biashara Street zilipotoka tu, hazijakatwa wala kupindwa, zinafukizwa udi. Wanajua ipi ilitoka lini na ipi haipatikani tena. Kijana anayeficha raba ndani ya boksi lake bila kuzivaa anadhani amejifunza kwa Wamarekani.

Ngome ya Yesu imehifadhi vitu vilivyotolewa kwenye jahazi la Kireno lililozama mwaka 1697, na ni vizuri. Lakini Ukoo Flani, kundi la rap lililoanzia mji huuhuu kabla ya kuungana na vijana wa Dandora, Nairobi, mabango ya shoo zao yako wapi? Fulana walizovaa jukwaani je? Hatuhitaji kungoja serikali ijenge jumba. Fundi atie jina kwenye kola. Mchoraji atie sahihi pembeni mwa mlango, na mwenye gari apige picha pande zote kabla ya kuita mtu wa msasa. Na wewe mwenye kaseti ya rap ya zamani ya Mombasa iliyolala kwenye droo, usiitupe kwa sababu redio ya kuichezea ilishakufa. Niambie bei.