Ukuta mnene au mwepesi? Usiku ndio huamua

Wapenzi wa ujenzi wa asili husema ukuta mnene wa udongo, mawe au tofali ndio dawa ya joto. Ni kweli, ila pale tu ambapo usiku una baridi. Ukuta wa tofali wa sentimita 30 hauzuii joto, huchelewesha tu kwa muda wa takriban saa 8. Joto kali la saa nane mchana hufika upande wa ndani saa nne usiku, watu wakielekea kulala. Kwenye nyanda kavu, ambako usiku hushuka zaidi ya nyuzi 10 chini ya mchana, hilo halina shida: madirisha hufunguliwa jioni, ukuta hupoa hadi alfajiri, asubuhi hufungwa. Kwenye maeneo ya unyevu, ambako tofauti ni nyuzi 5 au 6, ukuta haupati nafasi ya kupoa. Unaanza siku ukiwa na joto la jana.

Tena mwili hauhisi hewa peke yake. Chumba kisipokuwa na upepo, joto unalolihisi ni takriban wastani wa joto la hewa na la kuta na dari. Hewa ikiwa nyuzi 28 na kuta 34, umelala kwenye 31.

Watetezi wa kuta nyepesi, yaani nyembamba zisizotunza joto, hutaka madirisha makubwa pande mbili zinazoelekeana. Nyumba hiyo hupoa upesi jua likizama, na upepo wa mita 0.8 kwa sekunde hupunguza joto linalohisiwa kwa nyuzi 2 hadi 3. Gharama yake hawaitaji sana: mchana ndani hupanda joto pamoja na nje, kelele na vumbi huingia, na wavu wa mbu hula sehemu kubwa ya upepo. Kwa hiyo dirisha la wavu liwe kubwa zaidi, na umbali kati ya madirisha usizidi mara tano ya kimo cha dari, la sivyo hewa hufia njiani.

Wakati ukuta unagombaniwa, paa limesahauliwa, nami naona hapo ndipo makosa makubwa hufanyika. Karibu na ikweta jua la adhuhuri hupiga paa kuliko ukuta wowote. Bati lipakwe rangi nyeupe. Chini yake iwekwe karatasi ya alumini, uso unaong'aa ukitazama chini, penye nafasi ya hewa ya angalau sentimita 2.5. Uso huo ukielekezwa juu, vumbi huufifisha. Karatasi ikibanwa kati ya bati na dari bila nafasi, joto hupita kwa kugusana na alumini haifanyi kazi.

Kabla ya kuchagua ukuta, tundika kipimajoto kivulini kwa wiki moja ya msimu wa joto, ukisoma saa nane mchana na saa kumi na moja alfajiri. Tofauti ikizidi 10, jenga mnene. Ikiwa chini ya 6, jenga mwepesi. Katikati ya hapo, sebule iwe ya kuta nene na vyumba vya kulala viwe vya kuta nyepesi.