Saratani ya matiti ikifika ubongoni, nani anailisha?

Mwaka 1889 daktari mpasuaji wa London, Stephen Paget, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti, na jambo moja likamtatiza: mbona ini limejaa vivimbe, na wengu, ambao nao hupata damu ya kutosha, umesalimika? Akajibu kama mkulima. Mbegu hupeperushwa kila upande, lakini huota pale tu udongo unapoikubali. Mwaka 1928 Mmarekani James Ewing akamkatalia: hakuna cha udongo, ni mabomba tu, seli ya saratani hunasa kule damu inakoipeleka.

Ukiutazama ubongo, unaweza kudhani Ewing ameshinda. Ni asilimia 2 hivi ya uzito wa mwili lakini hupata karibu asilimia 15 ya damu inayosukumwa na moyo. Tatizo ni figo. Zenyewe hupata karibu asilimia 20, ila saratani ya matiti ni nadra kuota huko. Tena si kila saratani ya matiti hupenda ubongo. Zile zinazoota kwa kutegemea homoni hufika huko mara chache zaidi kuliko zenye kipokezi cha HER2 kwa wingi, protini ya juu ya seli inayoichochea ikue, au zile ambazo madaktari huziita hasi tatu kwa kuwa vipimo vyote vitatu, viwili vya homoni na kimoja cha HER2, hutoka hasi. Mabomba ni yale yale kwa wanawake wote. Kwa hiyo tumebaki na mbegu na udongo, na ugomvi wa leo ni juu ya udongo: seli za ubongo zinampokea mgeni huyu au zinampiga vita?

Anza na astrositi, seli zenye umbo la nyota ambazo hukumbatia mishipa ya damu ya ubongo, huzihudumia nyuroni, yaani seli za neva zinazopelekeana ujumbe, na kufagia kemikali zinazobaki baada ya nyuroni kuzungumza. Mwaka 2014 maabara ya Joan Massagué huko New York ilionyesha kwamba seli nyingi za saratani zinazoingia ubongoni hufa, na wauaji ni hizo astrositi. Husababisha kimeng'enya cha plasmini kutengenezwa, nacho hufanya mambo mawili: huachilia ujumbe wa kifo unaoiamuru seli ya saratani ijimalize, na hukata protini ambayo seli hiyo huitumia kung'ang'ania ukuta wa mshipa wa damu. Zinazopona ni chache, zile zinazotoa vizuizi vya plasmini. Kimojawapo, neuroserpini, kwa kawaida hutengenezwa na mfumo wa neva wenyewe. Mgeni amepona kwa kuvaa kanzu ya mwenyeji.

Miaka miwili baadaye maabara ile ile ikaja na habari inayoonekana kuipinga ya kwanza. Seli za saratani zilizokwisha kutulia hujishikiza kwenye astrositi na kufungua vijia vidogo kati yao. Kupitia vijia hivyo huipitishia astrositi molekuli iitwayo cGAMP, ambayo kwa seli ya kawaida ni kengele ya hatari, kama vile kirusi kimeingia. Astrositi, kwa nia njema kabisa, hutoa interferoni na kemikali nyingine za uchochezi. Kemikali hizo humrudia mgeni na kumpa nguvu ya kukua na kuhimili tibakemikali. Ukitaka mfano wa mlinzi anayepiga filimbi na mwizi akaitumia kama ngoma yake, ndio huu.

Nimeona watu wakizisoma tafiti hizi mbili kama mabishano. Mimi sioni hivyo. Ya kwanza inahusu seli zilizoingia karibuni, ya pili inahusu walionusurika wakajenga. Kuuliza kama astrositi ni rafiki au adui bila kuuliza ni wakati gani ni kama kuuliza kama mvua ni nzuri bila kusema ni mwezi gani na shamba liko hatua gani.

Kuhusu mikroglia, walinzi wa kinga wa ubongo, mgongano ni wa kweli. Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani waliripoti kwamba mikroglia huisaidia saratani ya matiti kupenya tishu za ubongo. Mwaka 2023 watafiti wa California wakaja na kinyume chake: panya wasio na mikroglia walipata saratani nyingi zaidi ubongoni, kwa sababu mikroglia huziamsha seli nyingine za kinga, zikiwemo seli T. Nani mkweli? Mimi naelemea upande wa pili, na sababu yangu ni ya kiufundi. Kazi ya Wajerumani ilitegemea vipande vya ubongo vilivyokuzwa maabarani, na kipande cha ubongo hakina seli T za kuitwa. Mlinzi asiye na wa kumwita huonekana mzembe. Dosari hiyo imeenea kuliko tunavyokiri, kwani majaribio mengi yanayopandikiza saratani ya binadamu kwa panya hutumia panya walioondolewa kinga ili wasiikatae. Unampima askari baada ya kumnyang'anya kikosi.

Sasa nyuroni zenyewe. Mwaka 2019 kikundi cha Douglas Hanahan huko Lausanne, Uswisi, kilizikuta seli za saratani ya matiti zimepenyeza vidole vyake hadi pale nyuroni mbili zinapokutana, nafasi ambayo kwa kawaida ni ya astrositi. Hapo zinadukiza: nyuroni zikirushiana glutamati, kemikali zinayopelekeana ujumbe kwayo, seli ya saratani hudaka kiasi kupitia kipokezi cha NMDA na kukitumia kama ishara ya kukua. Toleo lile lile la jarida la Nature lilikuwa na kazi mbili, za Stanford na Heidelberg, zilizoonyesha saratani zinazoanzia ubongoni zikifungua sinapsi halisi, yaani maungio ya kupokelea ujumbe, na nyuroni. Katika kazi ya Lausanne saratani ya matiti haikuonekana kufika huko. Yenyewe ilibana pembeni na kusikiliza.

Hapa ndipo wanaotaka kuutibu udongo hushangilia. Dawa za kuziba NMDA zipo. Memantini hutumiwa kwa ugonjwa wa Alzheimer, na jaribio la Marekani lililochapishwa 2013 liliwapa wagonjwa waliopigwa mionzi ubongo mzima, kwa lengo la kulinda kumbukumbu zao. Ila hatari iko hapo hapo. Kipokezi hicho ndicho ubongo hutumia kujifunza na kukumbuka. Ketamini, dawa ya nusukaputi inayojulikana vizuri katika hospitali zetu, nayo huziba NMDA, na kila aliyemwona mgonjwa akizinduka nayo huku akiweweseka anajua maana ya kukiziba kwa nguvu.

Upande wa mbegu una hoja ambayo wapenzi wa udongo huipita haraka. Ushahidi mzito zaidi kwa wagonjwa wenyewe uko upande huo wa mbegu. Tucatinib, dawa inayolenga HER2, iliidhinishwa Marekani mwaka 2020 baada ya jaribio ambalo, tofauti na mengi ya kabla yake, liliwakubali hata wanawake ambao saratani ilikuwa ikiendelea kukua ubongoni. Ilipoongezwa juu ya dawa nyingine mbili, waliishi muda mrefu zaidi. Ilifanikiwa kwa kuipiga mbegu, bila kugusa astrositi wala nyuroni. Vijia, cGAMP na udukizi wa glutamati, kwa sehemu kubwa, bado ni habari za panya.

Hata hivyo dawa hiyo inahitaji HER2 ya kulenga, na hasi tatu haina. Aina hiyo huonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika, mara nyingi wakiwa vijana. Mwanamke kama huyo akianza kuumwa kichwa na kupata degedege, na picha ikaonyesha vivimbe, tegemeo kubwa ni mionzi, na upasuaji pale inapowezekana. Kwake yeye ningependa majaribio ya kuziba vijia vya astrositi yaanze mapema, kabla ya yale ya kuziba glutamati: kijia kati ya saratani na astrositi, ukiweza kukiziba hicho peke yake, mgonjwa hakihitaji kwa lolote, lakini glutamati anaihitaji ili amkumbuke mwanawe.