Maoni tunatoa, jibu je?

Tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji mwaka 2021, kila nikipiga simu nyumbani nasikia habari za jiji la kidijitali. Sawa. Huku Helsinki, Finland, ninakoishi tunao mpango uitwao OmaStadi, ambapo wakazi, hata mtoto wa miaka 12, hupendekeza na kupigia kura matumizi ya sehemu ya bajeti ya jiji. Unaendeshwa kwa Decidim, programu iliyoanzia Barcelona, nayo ni ya bure. Kaunti yoyote ikiitaka inaichukua tu.

Kwa hivyo msituambie kinachozuia maoni yetu kujibiwa ni teknolojia. Programu ya Ushahidi ilibuniwa Kenya mwaka 2008, raia wakiripoti ghasia kwa esemesi, na dunia ikaja kuiga.

Nilipokuja likizo nilimsindikiza shangazi kwenye kikao cha maoni ya bajeti wadini kwao. Mama mmoja akalalamika kwamba mtaro umeziba, maji yanaingia dukani. Kabla hajaketi, fundi mmoja akamkatiza: “Haujaziba, mama. Walipoweka lami barabara ikawa chini ya mtaro, maji yatapandaje?” Ukumbi mzima ukaitikia. Karani naye, nilikuwa nimeketi nyuma yake, akaandika neno moja: mitaro. Kisha tukatia sahihi kwenye orodha ya waliohudhuria, tukapewa soda.

Ubishi kama ule Helsinki siuoni. Hapa napiga kura peke yangu kwenye kochi, na jirani yangu sijui alichagua nini (jina lake lenyewe silijui). Kwa hilo baraza letu linawashinda. Wanapotuzidi ni baada ya hapo: pendekezo linakaguliwa na wataalamu wa jiji, na anayetaka kujua limefika wapi analifuata mtandaoni, likiwa limekataliwa au limepita.

Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe. Sahihi na soda ni ushahidi kwamba tulikuja, si kwamba tulisikilizwa.

Sheria inazitaka kaunti ziwasilishe mpango wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Basi kabla ya tarehe hiyo, ibandikwe karatasi kwa chifu na itumwe kwenye magrupu ya WhatsApp ya mitaa: ombi la nani wadini limepita, kwa shilingi ngapi, lipi limekataliwa na kwa nini. Na karani aandike sentensi ya yule fundi yote.