Dawa za shambani na mbegu za kiume: tuogope kiasi gani?

Msimu wa kupiga dawa kwenye nyanya za Ngarenanyuki, Arusha, kumkuta kijana bomba mgongoni, mikono mitupu, suruali imelowa hadi mapajani, si jambo geni. Vijiweni utasikia kwamba dawa hizi zinamaliza wanaume. Mwingine atajibu: mbona babu alipiga DDT kwenye kahawa na watoto anao kibao?

Mbegu ya kiume haifiki kwenye yai kwa kubahatisha. Mkiani ina milango midogo ya kalsiamu iitwayo CatSper, iliyotambuliwa mwaka 2001. Miaka 10 baadaye watafiti walionyesha kuwa projesteroni, homoni inayotolewa na seli zinazolizunguka yai, huifungua. Kalsiamu ikiingia, mkia hubadili mapigo na mbegu hujiandaa kupenya utando wa yai. Kila kitu ni wakati wake. Mwaka 2014 watafiti wa Ujerumani na Denmark walijaribu kemikali 96, na takriban theluthi moja ziliamsha kalsiamu ndani ya mbegu bila yai kuwapo. Mojawapo ni triklosani, iliyotumika kwenye baadhi ya sabuni na dawa za meno. Zilipochanganywa, kiasi kidogo cha kila moja kilitosha. Hata masalia ya DDT hufungua milango hiyo hiyo.

Lakini hayo yote ni ya kwenye kichupa cha maabara. Ndani ya mwili kiasi hutofautiana, na mbegu iliyovurugwa leo si ushahidi kwamba korodani zimeharibika; mpya hutengenezwa kwa takriban miezi miwili na nusu. Tusichanganye na DBCP, dawa ya minyoo ya udongo iliyowaacha baadhi ya wafanyakazi wa kiwanda huko California bila mbegu, kisa kilichofichuka mwaka 1977. Ile iliharibu utengenezaji wenyewe.

Hoja ya babu hainishawishi. Aliyekosa watoto hana mjukuu wa kumtolea mfano kijiweni.

Kinachonisumbua zaidi ni kipimo. Kipimo cha kawaida cha manii huangalia idadi, mwendo na umbo. Hakionyeshi kama mbegu inaitika projesteroni. Mume anarudi na majibu safi, na mke (ambaye mara nyingi ndiye aliyetangulia kupelekwa hospitali) anaendelea kuzungushwa kwa waganga.

Kwa hiyo simwambii mtu atupe dawa ya meno. Ushahidi haujafika huko. Kwa mpiga dawa hesabu ni nyingine: anapata dozi kubwa, mchanganyiko, tena kupitia ngozi. Glovu na buti ziwe juu ya mwenye shamba. Na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo makao yake yako hapa hapa Arusha, ianze na dawa zinazopimwa rejareja kwenye chupa za maji zisizo na lebo, maana anayeinunua hivyo hajui hata anachanganya nini na nini.