Msimwachie mzazi peke yake kazi ya kunyonyesha

Mimba ikifika miezi minane, kila mtu hapa Dar es Salaam anajua cha kumwambia mjamzito anunue. Beseni, pamba, kanga doti mbili tatu, glovu, mpira wa kutandika kitandani, nguo za mtoto. Orodha inatoka kliniki, mashoga wanaiongezea. Kuhusu kunyonyesha husikii neno, kwa imani kwamba mtoto akishazaliwa atajua kunyonya na maziwa yatatoka yenyewe. Nimeona ndugu na majirani zangu wakilia siku ya tatu, chuchu zimepasuka, mtoto hanyamazi, halafu wanaambiwa hawana maziwa. Maneno hayo yananiuma kila ninapoyasikia.

Wengi wao maziwa walikuwa nayo. Siku za mwanzo titi hutoa dang'a, yale mazito ya njano, na hutoka kidogo kwa sababu tumbo la kichanga nalo ni dogo mno. Maziwa hujaa kati ya siku ya pili na ya nne. Aliyejifungua kwa upasuaji, au anayezaa kwa mara ya kwanza, anaweza kusubiri zaidi. Katika kipindi hicho mtoto hutaka titi mara kwa mara, usiku hasa, na uzito wake hushuka kidogo kabla haujapanda. Ni kawaida kabisa. Lakini hapo ndipo mtu mwenye mapenzi mema anapotokea na kikombe cha maji ya glukosi. Mtoto anakunywa, analala, nyumba nzima inashusha pumzi. Titi halijanyonywa. Mwili hutengeneza maziwa kadiri yanavyotolewa, kwa hiyo glukosi ikirudiwa rudiwa maziwa yanapungua kweli, na aliyesema hayatoshi anaonekana alijua.

Na joto letu je? Hata Machi, mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji. Zaidi ya asilimia 80 ya maziwa ya mama ni maji.

Ndiyo maana nasema maandalizi makubwa ni ya watu wa nyumbani. Yule atakayekuja kumlea mzazi, awe mama, mama mkwe, shangazi au dada wa kazi, aende naye kliniki angalau siku moja mimba ikiwa ya miezi saba au minane, amsikie nesi kwa masikio yake. Mkamwana akimwambia mama mkwe kwamba maji hayafai, anahesabiwa mjeuri. Nesi akisema, ni elimu. Mama zetu hawa wana mikono ya thamani. Ndio wanaojua kupika mtori, kumkanda mzazi, kumbeba mtoto ili mama alale, na wakishaelewa habari ya dang'a hakuna mlinzi wa kuwashinda.

Kingine cha kujifunza mapema ni namna ya kumweka mtoto kwenye titi, kwa sababu chuchu nyingi zinazopasuka chanzo chake ni hapo. Tumbo la mtoto liguse la mama. Msubiri apanue mdomo kama anayepiga mwayo, kisha umlete yeye kwenye titi, usimwinamie. Sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu iingie mdomoni, mdomo wa chini ubinuke kwa nje, kidevu kiguse titi. Akikamata chuchu tupu utaumia, naye hatashiba. Usimvute, pitisha kidole safi kwenye pembe ya mdomo, aachie, muanze upya. Wodi zetu zimejaa na ruhusa hutoka haraka, najua. Hata hivyo usiondoke kabla nesi hajakuangalia ukinyonyesha. Mwombe. Kama inawezekana, mtoto awekwe kifuani na aanze kunyonya ndani ya saa ya kwanza.

Kilio peke yake hakipimi shibe. Angalia nepi: baada ya siku ya tano akojoe mara sita au zaidi kwa siku, na choo kiwe kimetoka kwenye weusi na kuwa cha njano. Uzito wa kuzaliwa urudi kufikia wiki ya pili hivi. Mtoto akiwa analala mno, au hakojoi, au macho yanakuwa manjano, nendeni hospitali mara moja. Wapo pia akina mama ambao maziwa yao ni machache kweli. Hao wanahitaji daktari na huruma, wala wasiaibishwe.

Baba naye ana kazi. Afue, amletee mama maji ya kunywa kila mara mtoto anaponyonya, awaambie wageni waje wiki ijayo.

Halafu kuna ajira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya siku 84, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, wakati tunamwambia anyonyeshe maziwa yake tu kwa miezi sita. Sheria hiyo hiyo inamruhusu hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku ndani ya muda wa kazi, na wanawake wengi ninaozungumza nao hawajawahi kulisikia hilo. Kenya, kupitia Sheria ya Afya ya 2017, inawataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea. Natamani na sisi tufike huko. Muuza mboga sokoni hana mwajiri wa kumdai, kwa hiyo wenzake wa meza ya jirani ndio wa kumshikia biashara anaponyonyesha. Wewe mwenye mkataba, andika barua ya kuomba saa zako mbili kabla hujaanza likizo, mkubaliane ratiba, ubaki na nakala iliyosainiwa.